Somo: Kupiga Picha ya Mishipa Midogo ya Damu kwa Mwanga na Sauti

Mwaka 1880 Alexander Graham Bell aligundua kuwa mwanga unaokatizwa kwa haraka, ukiangukia kitu kinachoufyonza, hukifanya kitoe sauti. Katika somo hili kitu hicho ni damu yenyewe: tunaimulika kwa leza, tunarekodi sauti yake na kuigeuza kuwa picha, kwa hiyo mgonjwa hahitaji kudungwa dawa ya rangi.

Hatua ya 1. Chagua leza. Himoglobini, yaani kitu chekundu cha damu kinachobeba oksijeni, hufyonza sana mwanga wa kijani, ndiyo maana mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 532 hutumika mara nyingi kwa mishipa ya juu juu. Kila mpigo wa mwanga uwe wa nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) chache, ili damu ipate joto na kutanuka ghafla kabla joto hilo halijasambaa. Mpigo ukirefuka, sauti hufifia.

Hatua ya 2. Pima nishati. Kikomo cha usalama kwa ngozi, katika mwanga unaoonekana, ni milijuli 20 kwa sentimita ya mraba kwa kila mpigo. Miwani ya kinga ni lazima kwa kila aliyemo chumbani.

Hatua ya 3. Paka jeli ya ultrasaundi, uhakikishe haina mapovu, kwa kuwa hewa huzuia karibu sauti yote.

Hatua ya 4. Kusanya mwanga kwenye nukta moja, uisogeze mstari kwa mstari huku ukirekodi sauti ya kila mahali. Kapilari (mshipa mdogo kabisa wa damu) yenye upana wa mikromita 5 hadi 10 itaonekana, ila si zaidi ya kina cha milimita 1 hivi, kwani chini ya hapo mwanga hutawanyika mno. Anayetaka kina zaidi hulenga kipokea sauti kwenye nukta badala ya kulenga mwanga, na hukubali picha isiyo kali.

Hatua ya 5. Geuza muda ambao sauti ilichukua kufika kuwa kina. Sauti hupita mwilini kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde, hivyo mikrosekunde 1 ni milimita 1.5 hivi. Waliozoea ultrasaundi ya kawaida hugawanya kwa mbili. Hapa wasigawanye, maana sauti husafiri njia moja tu.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, ngozi nyeusi huathiri picha?

Jibu: Ndiyo. Melanini, yaani rangi ya ngozi, nayo hufyonza mwanga, ikatoa sauti kubwa juu ya ngozi na kupunguza mwanga unaofika kwenye mishipa. Mawimbi ya mwanga yaliyo marefu zaidi, ya karibu na infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), hupunguza tatizo bila kuliondoa. Kwa maoni yangu, kifaa kilichojaribiwa kwa watu weupe pekee hakijajaribiwa.

Swali: Tunaweza kupima oksijeni ya damu pia?

Jibu: Tunaweza kuikadiria kwa kutumia mwanga wa urefu wa mawimbi mawili tofauti au zaidi. Kwenye nanomita 750 himoglobini isiyo na oksijeni hufyonza zaidi, na kwenye 850 hali hugeuka. Ugumu ni kwamba kila wimbi hupungua kwa kiwango chake linapopenya tishu, na usiposahihisha tofauti hiyo, kadirio la mishipa ya chini litakupotosha.