Somo: Afisa Utumishi, jina lako liko wapi kwenye mpango wa mafunzo?

Habari za kazi ndugu zangu. Somo la leo ni letu wenyewe, sisi tunaoshinda tukisikiliza madai ya walimu, wauguzi na watendaji wa vijiji.

Kuna mwaka niliandaa mpango wa mafunzo wa halmashauri yetu. Jedwali lilijaa: walimu wanaokwenda kusoma shahada, matabibu, watendaji wa kata, wahasibu. Mkuu wangu wa idara alilisoma hadi mwisho, akaniuliza, "Na ninyi je?" Idara nzima ya utumishi haikuwa na jina hata moja. Nilikuwa na miaka sita kazini, na cheti pekee nilichokipata tangu niajiriwe kilikuwa cha mafunzo elekezi, yale ya kumkaribisha mwajiriwa mpya. Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Fungua jalada lako kama unavyofungua la mwenzako.
Ikague barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, ya kupandishwa cheo mara ya mwisho, na vyeti. Kisha chukua Muundo wa Maendeleo ya Utumishi, waraka unaopanga vyeo na sifa zake, wa kada yako (yaani kundi lako la kazi), usome cheo kinachofuata. Afisa Utumishi Daraja la II anaanzia ngazi ya mshahara ya TGS D. Juu yake kuna Daraja la I, Mwandamizi na kuendelea, na kila cheo kina sifa zake. Chora safu mbili: muundo unataka nini, jalada lina nini. Pengo kati ya safu hizo ndilo hitaji lako la mafunzo. Wengi wetu tunaanzia kwenye tangazo la kozi lililoletwa juzi na chuo fulani, halafu tunatafuta sababu ya kwenda. Huko ni kuanzia mwisho.

Hatua ya 2: Pengo hilo lionekane kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wetu.
Enzi za OPRAS, utaratibu wa tathmini uliotangulia, ulioanza 2004, tulijaza fomu mwisho wa mwaka kwa kukimbizana. Sasa majukumu yanaingizwa kwenye mfumo na msimamizi anayaona kadiri kazi inavyokwenda. Zungumza naye mapema kuhusu jukumu linalokushinda kwa kukosa ujuzi. Hilo si aibu, ndiyo hoja yako ya kuombea mafunzo.

Hatua ya 3: Ingia kwenye mpango kabla ya bajeti.
Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini bajeti huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Ukija na barua ya udahili mwezi Agosti, utajibiwa kuwa fedha hazikutengwa, na jibu hilo litakuwa sahihi. Andika jina, kozi, chuo, muda na gharama. Kozi fupi nyingi za kada yetu zinatolewa na Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho mbali na Magogoni, Dar es Salaam, kina matawi Tabora, Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya. Tawi la karibu linapunguza nauli na posho, na ombi la gharama ndogo hupita kwa urahisi zaidi.

Hatua ya 4: Zungukeni madawati.
Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji kifungu cha bajeti. Afisa aliyekaa dawati la likizo miaka minne anajua likizo tu. Ombeni kubadilishana kila baada ya miezi kadhaa: mishahara, nidhamu, ikama (orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa), wastaafu. Nilipohamia dawati la wastaafu nilikutana na mzee mmoja mlinzi, jalada lake lina tarehe mbili za kuzaliwa, moja kwenye fomu ya ajira, nyingine kwenye kiapo. Ilituchukua wiki kadhaa kuliweka sawa, naye akija kila asubuhi na bahasha yake ya kaki, anakaa kwenye benchi la korido bila kulalamika. Leo nikipokea ajira mpya, jambo la kwanza ninalokagua ni tarehe ya kuzaliwa kwenye kila karatasi. Sikufundishwa hilo darasani.

Hatua ya 5: Usiondoke bila ruhusa ya maandishi.
Barua ya ruhusa, na mkataba wa mafunzo kama mwajiri anakulipia, viwe kwenye jalada kabla hujapanda basi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kaka, shikamoo. Mimi ni ajira mpya, nina miezi saba. Naweza kuomba kwenda kusoma shahada ya uzamili?*

Marahaba mdogo wangu. Subiri kwanza. Uko kwenye majaribio ya miezi 12. Maliza, uthibitishwe, ndipo uombe masomo marefu. Kwa sasa dai mafunzo elekezi kama hujapewa, maana hayo ni haki yako.

*Najilipia mwenyewe, nasoma jioni. Bado nahitaji ruhusa?*

Omba, dada yangu. Ada ni yako, lakini mwajiri ndiye atakayeombwa kukitambua cheti hicho. Nimeona majalada ya watu waliosoma kimyakimya, wakarudi na shahada, na ombi lao la kubadilishiwa kada likakwama palepale.

*Mimi ni Msaidizi wa Kumbukumbu, nimemaliza shahada ya rasilimali watu kwa ruhusa. Kwa nini bado sijawa Afisa Utumishi?*

Hongera sana kwa kuhitimu. Cheti peke yake hakibadilishi kada. Lazima nafasi iwepo kwenye ikama, itengewe bajeti, na kibali kitoke Utumishi, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia utumishi wa umma. Kaongee na anayeandaa ikama ya mwaka ujao, umuulize kama nafasi yako imo. Akisema imo, mwombe akuonyeshe mstari wenyewe. Uliza pia kuhusu mshahara binafsi, yaani kubaki na mshahara wako wa sasa, iwapo unaoupata sasa umezidi ule wa kuanzia wa kada mpya, ili usishtuke barua itakapokuja.

*Mkuu wangu hapendi tuzungushwe madawati, anasema kazi itaharibika.*

Ana hoja, hasa kwenye mishahara, ambako kosa moja linamgusa mtu mfukoni. Pendekeza mwanze wawili, mwenyeji wa dawati akae na mgeni mwezi mzima, na msianze karibu na siku za kufunga mishahara.