Pafyumu ya waridi kwa joto hili: ijaribu hivi kabla hujatoa hela

Joto la Dar la Januari mnalijua, umeoga saa kumi na mbili, kabla hujafika kituoni mgongo ushalowa. Kipindi hiki cha kaskazi udi na vanila zinageuka adhabu, kwako na kwa aliyebanana na wewe kwenye daladala, ndo maana watu wanaanza kuulizia za maua na ua la kwanza kutajwa ni waridi. Mi waridi napaka mwaka wa nne sasa, ila ile ya kwanza niliikosea vibaya. Niliinusa dukani, kwenye kikaratasi, AC inapuliza mpaka unasikia baridi, nikasema hii hii, nikalipa. Nusu saa baadae niko juani nanukia kama watu waliotoka makaburini.

Na sio utani. Sisi watu wa pwani waridi tunalijua kabla hatujaijua pafyumu. Marashi, yale maji ya waridi yenyewe, tunarashiwa kwa mrashi kwenye maulidi, kwenye harusi, na kwenye msiba yapo pia. Kwahiyo pua ya mtu wa Tanga au Unguja ikikutana na waridi tupu inakumbuka shughuli, haikukumbuki wewe. Afu kuna yale ya Jabal Akhdar, Oman, ndugu wa Maskati wakija wanatuletea, yanapikwa msimu wa maua mwezi wa nne hivi kwenye matanuri ya kienyeji na yana kaharufu ka moshi. Mi nayapenda sana ila sio ya kwendea kazini.

Ya joto tafuta waridi iliyochanganywa na kitu chepesi chenye uchachu au majimaji: limau, bergamoti (tunda jamii ya limau), chai, peasi, lichi (ndugu yake shokishoki). Mfano kama umewahi kunusa Roses de Chloé, ina lichi na bergamoti pale mwanzoni ndo waridi linafuata, basi elekea huko hata kama utanunua ya bei ndogo ya jina lingine. Ukisoma boksi ukakuta oud, amber, saffron, patchouli, iache kwanza mpaka mwezi wa sita. Angalia pia kama ni Eau de Toilette au Eau de Parfum. Ya kwanza kwa kawaida ina manukato asilimia 5 mpaka 15, ya pili inaanzia hapo kupanda mpaka 20, na kwa joto letu ya kwanza inatosha kabisa maana ngozi ya moto inairusha harufu haraka, ile kali inakuwa kali mara mbili. Na muuzaji akikwambia hii ya elfu kumi ni waridi asilia mia kwa mia mchekee tu, kilo 1 ya mafuta halisi ya waridi inakula tani 3 au 4 za maua. Ya maabara haina ubaya, hela yako tu usiidanganye.

Sasa kujaribu. Nenda asubuhi, hujapaka kitu chenye harufu, hata losheni. Vikaratasi ni vya kuchuja tu, nusa tatu basi, ya nne pua ishachoka inakudanganya. Mbili zilizokuvutia weka mwilini, moja mkono huu moja ule, na weka ndani ya kiwiko, sio kwenye kifundo cha mkono ambako utanawa ukila, harufu yote inaishia kwenye sinki. Usisugue, acha ikauke. Afu toka dukani, hapo ndo wengi tunakosea, tunalipa kwenye dakika kumi za kwanza wakati zile ni za limau na spiriti, waridi lenyewe halijaja. Zunguka Kariakoo, panda gari, kaa juani kidogo, fanya kazi zako. Nusa baada ya saa moja, nusa tena baada ya masaa manne au matano ukiwa na jasho lako. Kuna waridi likichanganyika na jasho linachacha, kuna lingine linageuka sabuni. Na ukimuuliza mtu usimwambie "nanukia vizuri?" maana atakujibu ndiyo tu yaishe, muulize "nanukia nini?" Shangazi yangu nilimuuliza hivyo, akanusa, akafikiri, akasema "sabuni ya wageni". Ile sikununua.

Muuzaji akigoma kukupa testa, mwombe akupimie kichupa cha mililita 5 ununue hicho. Kwa mafuta ya manukato yanayouzwa kwa kupimiwa, kipimo ni tola, na tola moja ni kama mililita 12, we chukua robo tola, yanakaa kweli. Haya hayana spiriti kwahiyo hayaruki sana, tone moja nyuma ya sikio linatosha, ila kwenye dera jeupe au kanzu yanaacha doa na halitoki.

Ukishapata yako, paka baada ya kuoga juu ya mafuta yasiyo na harufu, pulizia mara mbili, ya tatu ni kwenye pindo la mtandio. Usipulizie juu ya jasho ukidhani unalifunika, jifute kwanza. Zile za bei rahisi zenye limau au bergamoti nyingi paka sehemu nguo inapofunika, maana mafuta hayo yakipigwa na jua juu ya ngozi yanaweza kukuachia madoa meusi shingoni, nimeyaona kwa rafiki yangu na yalichukua miezi kufifia.

Chupa usiiache kwenye gari wala kwenye kioo cha dirishani, jua linaiua. Yangu inakaa kwenye mlango wa friji pembeni ya juisi ya ukwaju, na mtoto keshaambiwa mara tatu kwamba ile ya pinki hainyweki.