Nakshi ndogo ndogo, spidi haisaidii
Jamani mnaochonga nakshi za milango kwa CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), msipandishe spidi tu mkidhani kazi itakwisha upesi, mie hapa Fuoni nimehangaika wiki nzima kumbe mashine hata haifiki hiyo spidi. Hesabu ya masafa inayotaka mpaka ifike spidi nyepesi: spidi mara spidi, gawa kwa akselaresheni (spidi inavyoongezeka kila sekunde) mara mbili. Yaani mm 100 kwa sekunde, na akselaresheni ya mm 500 kwa sekunde kila sekunde, inataka mm 10 mpaka ichanganye na 10 nyengine kusimama. Sasa jani dogo la ua la mm 5, kuanza na kusimama humo humo, itagota 50 basi! Pandisha akselaresheni, kidogo kidogo lakini, ukisikia mota inalia au inaruka stepu (hatua zake) rudi nyuma, mvule ghali huo.