Kutoka gredi ya KCSE hadi nafasi ya chuo: mwongozo kwa mtahiniwa wa Mombasa

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, mtaa mzima huuliza gredi ya wastani tu. Lakini kozi huamuliwa zaidi na alama za somo mojamoja. Kwa hivyo kabla ya kufungua mtandao wa KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, kaa na karatasi ya matokeo na kalamu.

Piga hesabu kwanza. A ni alama 12, A- ni 11, na hivyo hivyo kushuka hadi E, ambayo ni 1. Tangu mtihani wa 2023, wastani unatokana na masomo 7: Hisabati, lugha moja, na mengine 5 uliyofanya vizuri zaidi. Tuseme una Hisabati C (6), Kiswahili B+ (10), Dini ya Kiislamu A- (11), Historia B (9), Biashara B- (8), Kiingereza C+ (7), Biolojia C+ (7) na Kemia C- (5). Kemia inaachwa nje, jumla inakuwa 58 kati ya 84, na hiyo ni B-. B inaanzia 60. Hisabati ingepanda kutoka C hadi B- tu, ungeifikia. Nyinyi mlio kidato cha tatu, someni hapo: Hisabati haiachwi nje hata ikiwa ndiyo mbovu kuliko zote.

Kisha tazama klasta, yaani kundi la masomo ambayo kozi huyaangalia. Kila kozi ya digrii ina masomo yake 4, na alama za klasta hazizidi 48. Kemia ile iliyoachwa kwenye wastani inarudi hapa: kwa C- yake, digrii ya uuguzi haiwezekani, hata kwa wastani wa B-. Digrii huhitaji wastani wa C+ kwenda juu, diploma C-.

Sasa ingia kwenye mtandao wa KUCCPS kwa namba yako ya mtihani wa KCSE na mwaka ulioufanya. Tafuta kozi, soma masharti ya masomo, linganisha alama zako na za waliochukuliwa mwaka uliotangulia, halafu panga machaguo yako. Ada hulipwa kupitia eCitizen. Ukienda saiba, nenda na orodha uliyoiandika mwenyewe. Inaniuma kuona kijana mwenye alama nzuri amechaguliwa kozi na mhudumu aliyekuwa na foleni ya watu kumi nyuma yake.

Karibu nasi kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na Kenya Coast National Polytechnic. Usidharau diploma. Aliyekosa C+ anaweza kupitia huko na kufika digrii baadaye.

Ikiwa gredi haikuridhishi kabisa, kuna njia mbili. Ukishuku usahihishaji, mwone mwalimu mkuu mapema, kwani maombi ya kusahihishiwa upya hupitia shuleni na muda wake ni mfupi. Ukitaka kurudia mtihani, jisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi mwanzoni mwa mwaka. Ulizia kituo katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako. Kumbuka kusajili masomo yasiyopungua 7 ukitaka gredi mpya ya wastani. Beba kitambulisho na nakala ya matokeo ya kwanza.