Kabla ya kuchagua dizeli au umeme, hesabu milima

Nina duka la pembejeo Uyole, Mbeya, na uani kwangu yanalala magari mawili: Hilux ya dizeli ya mwaka 2009 na Nissan Leaf ya umeme ya mwaka 2018 iliyokuja ikiwa imeshatumika Japani. Haipiti wiki bila mtu kusimama kaunta, akanunua kilo mbili za mbegu, akazungukazunguka, halafu akauliza alichokuja kuuliza: "Mama, hivi nichukue lipi?" Nimeamua kuandika, maana kujibu kwa mdomo kunanichosha na wateja wengine wanasubiri mbolea.

Usianzie sheli wala kwa dalali wa magari. Anza na daftari. Kwa mwezi mmoja andika kila safari: ulikokwenda, kilomita ngapi, ulibeba nini, na gari lililala wapi. La mwisho hilo watu hulidharau, kumbe ndilo zito kuliko yote, kwa sababu gari la umeme hunywa likiwa limelala. Kama unapanga chumba na gari unaliegesha kwa jirani, funga daftari, kanunue la mafuta.

Mimi mwezi nilioandika ulinishangaza. Nilijiona mtu wa safari, lakini siku 24 sikufikisha kilomita 40: Uyole hadi Mwanjelwa, Kabwe, benki, kwaya Sae, kurudi. Siku nne nilipeleka mbolea Isongole nikarudi na viazi. Mara moja Makambako. Mara moja Kyela, msibani.

Sasa ongeza safu moja ambayo hutaikuta kwenye ushauri wa watu wa Dar: safu ya milima. Pakua kwenye simu programu inayoonyesha urefu kutoka usawa wa bahari, uandike mita za unapoanzia, za sehemu ya juu kabisa njiani, na za unapoishia. Kanuni ninayotumia ni hii: gari la tani moja na kilo 700, watu wakiwa ndani, kila likipanda mita 1,000 linakula karibu uniti tano za umeme juu ya zile za mwendo wa kawaida. Likishuka mita hizo hizo, mota inageuka jenereta na kurudisha kama theluthi mbili. Uniti tano ni mwendo wa kilomita 30 kwenye tambarare. Kwa hiyo huku kwetu kilomita ya kwenda na ya kurudi si ndugu.

Nilijifunza hilo kwenye msiba huo wa Kyela. Nilitoka Uyole betri imejaa. Barabara inapanda kwanza hadi Isongole, zaidi ya mita 2,000, halafu inateremka Tukuyu, inateremka tena mpaka kwenye joto la migomba na mpunga, mita 500 hivi. Kilomita mia moja na kitu. Nilifika na asilimia 60, na dashibodi ikaniahidi kilomita 130 zilizobaki. Nikatamba mbele ya mashemeji. Sikujua kwamba ile namba hukadiria mbele kwa kuangalia ulivyoendesha nyuma, na nyuma nilikuwa nimeteremka mlima mzima.

Wakati wa kurudi namba ilianza kuporomoka kabla sijafika hata Ushirika. Unatembea kilomita moja, zinapungua tatu. Nilizima hita ya ndani, nikapunguza mwendo mpaka bajaji ikanipita. Tukuyu niliingia na asilimia 18, mvua inanyesha kama ilivyo desturi ya Tukuyu, na mbele yangu kuna mita 600 za kupanda. Nikasimama kwenye nyumba ya wageni, nikamsalimia mzee mwenye nyumba na kumwomba soketi. Akacheka: "Mama, gari nalo linachajiwa kama simu?" Akanipa soketi ya jikoni. Baada ya nusu saa nikasikia harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa ya moto, huwezi kuishika. Tukahamia soketi nyingine, nikapunguza nguvu ya chaji, nikakaa saa nne nikinywa chai na kuangalia mvua. Nilimwachia shilingi 5,000 za LUKU, umeme wa kulipia kabla, nikasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nikapanda polepole hadi nyumbani.

Kwa hiyo, kama safari yako ya mbali inaanza kwa kushuka, panga betri kwa kurudi, usipange kwa kwenda. Na kama wewe unaishi juu, tuseme Isongole kwenyewe, usijaze betri mpaka 100 kabla ya kuteremka: ikiwa imejaa haina pa kuweka umeme wa mteremko, na breki za kawaida zinabaki peke yao. Ishia 80.

Tuje kwenye fedha, na hapa nawaomba msidanganyane. Watu wanachukua Hilux na kuipambanisha na Leaf, kisha wanapiga kelele kwamba umeme ni robo ya bei. Hilux yangu inakula lita 10 kwa kilomita 100. Bei kikomo ya dizeli EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wanaitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mbeya siku zote tunalipa zaidi ya Dar kwa sababu ya usafirishaji. Kwa hesabu nyepesi weka shilingi 3,000. Hizo ni 30,000. Leaf, kwa milima yetu na ule umeme unaopotea njiani wakati wa kuchaji, inanitoa uniti 19 kwa kilomita hizo hizo. Lakini Leaf haibebi mifuko 15 ya mbolea. Ukitaka kulinganisha kwa haki, tafuta gari dogo la dizeli la lita tano na nusu: 16,500. Bado umeme uko chini, ila pengo si lile la kutisha.

Na uniti yenyewe ni shilingi ngapi? Hapa wengi wanaumia. Kama nyumba yako inatumia chini ya uniti 75 kwa mwezi uko daraja la chini, na LUKU ya elfu kumi inakupa uniti 75 na kitu. Ukianza kuchaji gari unavuka 75 ndani ya wiki moja au mbili, na baadaye unahamishwa daraja. Elfu kumi ile ile inakupa uniti 28, ukiacha kodi ya jengo inayokatwa humo humo. Piga hesabu kwa 28. Mimi nilipiga kwa 75, nikanuna mwezi wa pili. Kwa bei ya kweli kilomita 100 zinanigharimu karibu 6,800.

(Kuna kichekesho kimoja. Bomba la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968 kupeleka mafuta Ndola, Zambia, siku hizi linapitisha dizeli, na linapita kwenye nyanda zetu hizi hizi. Dizeli inatiririka chini ya ardhi yetu kwenda kwa jirani, sisi tunaisubiri kwenye malori.)

Kabla gari la umeme halijaingia uani, mwite fundi umeme. Waya uliokuja na Leaf yangu ulikuwa na plagi ya Kijapani, na watu hapa mjini wanaunganisha kwa adapta ya elfu tano. Usithubutu. Simu inavuta kidogo kwa saa moja. Gari linavuta ampia 10 au zaidi usiku kucha, na kiunganishi kilicholegea kinageuka jiko. Tuliweka laini ya peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya wa milimita 6, sakiti breka yake, na ethi mpya iliyozama ardhini vizuri. Kwa ampia 10 napata kilomita 100 hivi toka saa nne usiku hadi alfajiri, inanitosha siku mbili. Chaji usiku wa manane, umeme unakuwa na nguvu. Jioni watu wakiwa wanapika, kwangu voltiji inashuka na gari lenyewe linakataa. Na radi za Novemba zikianza kupiga mlima Loleza, chomoa.

Dizeli nayo ina mwenye kuifaa. Anayebeba mzigo, anayelala porini Chunya, anayekwenda Dar kesho bila kupanga leo: huyo achukue dizeli na asisikilize mtu. Mbeya hadi Dar ni kilomita kama 830. Hilux inaondoka alfajiri, inajaza tenki Makambako kwa dakika tano, inapita Mafinga, Iringa, inashuka Kitonga kwa gia ndogo nyuma ya semi trela, na usiku niko Kimara. Kwa Leaf hesabu yake ni hii: nalala Makambako, nalala Iringa, nalala Mikumi, nalala Morogoro, siku ya tano naingia Dar. Kuna mdomo wa chaji ya haraka mbele ya gari, lakini kati ya Mbeya na Iringa mimi sijakutana na mashine ya kuuchomekea. Nikiwa sina mzigo napanda basi.

Ila dizeli haipendi safari fupi, na hili wauzaji hawalisemi. Asubuhi za Juni huku baridi inauma. Injini inachukua kilomita kadhaa kupata moto, na wewe umeshafika sokoni umezima. Kwenye SUV ndogo za kisasa zenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, kichujio hicho kinajisafisha kwa mwendo mrefu wa moto. Ukiendesha Uyole na Mwanjelwa tu kinaziba, taa inawaka, na bili ya gereji inakufuta hesabu ya mwaka. Dizeli ya zamani isiyo na turbo, kama Hiace ya injini ya Toyota iitwayo 5L, haina shida hiyo, lakini kwenye urefu wetu hewa ni nyepesi na nguvu inapungua. Mota ya umeme haivuti hewa. Inapanda Mlima Nyoka kama iko Kariakoo. Na usinunue dizeli ya madumu kando ya barabara. Nilinunua mara moja nikiwa na haraka. Ilikuwa na maji, nikabadilisha nozeli zote nne.

Daftari likikuambia umeme, usinunue kwa picha. Japani Leaf ya betri ya uniti 40 ilitangazwa kwa kilomita 400 kwa kipimo chao cha zamani. Marekani gari hilo hilo likapimwa 243. Yangu iliyochakaa kidogo inafika 200. Mwambie muuzaji akuwashie gari upige picha ya dashibodi: pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijiti 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kijiti cha kwanza kikipotea, betri imeshapungua kwa kama asilimia 15. Vingine vinafuata kwa sita sita. Mimi singechukua lenye chini ya 10. Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, na za mwanzo huko Arizona, Marekani, zilipoteza vijiti mapema kwa joto, kwa hiyo lililokaa miaka mingi bondeni Dar lichunguze mara mbili. Baridi yetu hapa ni rafiki yake.

Kisha liendeshe mwenyewe, muuzaji akae pembeni. Anza Uyole, panda barabara ya Tukuyu mpaka Isongole, asilimia uziandike unapoondoka na unapofika. Geuza, teremka, andika tena. Na umwombe abadilishe lugha ya dashibodi mbele yako. Yangu mpaka leo kila asubuhi inanisalimia Kijapani, na mimi huiitikia kwa Kinyakyusa, "Ugonile".