Kuweka getiwei ya mikutano ya video ofisini
Wenzangu wa Kampala na Gulu, kama chumba cha mikutano bado kina ile mashine ya H.323 (itifaki ya zamani ya simu za video) na matawi yanatumia SIP (itifaki mpya zaidi), msitupe kitu, getiwei, yaani kifaa cha kutafsiri kati ya hizo mbili, itawaunganisha. Iweke kwenye DMZ, ile sehemu ya mtandao iliyotengwa nje ya mtandao wa ndani, ipe IP isiyobadilika, halafu kwenye fayawoli fungua poti (milango ya mtandao) hizi: TCP 1720 ya H.323, TCP 5061 ya SIP yenye TLS (iliyosimbwa), na zile poti za UDP za sauti na picha ulizoziseti kwenye getiwei yenyewe. Wengi wanakwama hapa: simu inaita, inapokelewa, halafu sauti hakuna! Mara nyingi ni NAT (ruta kubadilisha anwani za IP) au SIP ALG, kipengele cha ruta kinachochezea ujumbe wa SIP; hiyo ALG izime kabisa. Sauti ipe DSCP 46, alama ya kuipa kipaumbele kwenye mtandao. Na UPS (betri ya akiba) jamani, umeme wetu mnaujua.