Tengeneza gemu dogo la mapenzi kwa RPG Maker MZ, kuanzia mvua hadi posa

Wanaoanza kutengeneza gemu la mapenzi hukimbilia pointi: ukitoa zawadi unapata 5, ukisema neno tamu unapata 10, zikifika 100 mwenzako anakupenda. Hiyo ni hesabu ya duka. Mchezaji anaguswa pale gemu linapokumbuka alichofanya juzi na kumrudishia mbele ya macho yake. Pointi zifungue milango tu. Kazi kubwa ifanywe na kumbukumbu.

Mfano wetu uko Pangani. Saidi ni fundi wa injini za boti, na Mwanaisha anauza mkate wa kumimina upande wa pili wa mto, Bweni. Kati yao kuna kivuko. Majina ya amri za RPG Maker MZ, programu ya kutengenezea magemu, nayaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, usije ukayatafuta ukayakosa.

Hatua ya 1: Andika kizuizi

Kabla ya kuwasha kompyuta, chukua karatasi ujibu swali moja: kwa nini hawa wawili hawaoani kesho asubuhi? Hapa jibu ni mto, mjomba mkali, na mdomo wa watu. Ukikosa jibu, huna gemu bado.

Hatua ya 2: Andaa vigeu na swichi

Kigeu hutunza namba. Swichi ni ndiyo au hapana. Fungua amri ya Control Variables, ukipe kigeu cha kwanza jina Ukaribu na cha pili Siku. Kisha kwenye Control Switches weka majina matatu: Mwavuli, Wameonekana, Mshenga anajua. Zipe majina tangu sasa, maana ukifika swichi ya 40 isiyo na jina utalia.

Vigeu vyote huanza na 0, kwa hiyo siku ya kwanza ya hadithi ni 0, si 1. Kitanda cha Saidi kiwe tukio (kitu cha kwenye ramani kinachobeba amri) lenye amri tatu: Fadeout Screen, kuongeza 1 kwenye Siku, halafu Fadein Screen.

Namba ya Ukaribu usimwonyeshe mchezaji. Gemu la Final Fantasy VII la mwaka 1997 lilifanya hivyo kwa ustadi: kati ya wahusika wake, Aerith anaanza na pointi 50, Tifa 30, Yuffie 10, Barret 0, na majibu yako madogo madogo ndiyo yanayoamua nani atatoka nawe usiku ule kwenye bustani ya burudani ya Gold Saucer. Wengi walimaliza gemu bila kujua kuna hesabu yoyote, wakaamini ni moyo wa mtu.

Hatua ya 3: Mvua ya siku ya kwanza

Hapa usiwe na haraka. Weka Set Weather Effect iwe Rain, kisha kwenye tukio la Mwanaisha, ukurasa wa 1, andika:

Mwanaisha: Kaka Saidi, umekuja kununua mkate au kunitazama?
Saidi: Vyote viwili bei gani?
Mwanaisha: Mkate ninao. Hicho kingine muulize mjomba.

Mvua inazidi, na yeye anataka kufunga biashara arudi nyumbani. Weka Show Choices yenye majibu matatu:

"Chukua mwavuli wangu." Ukaribu unaongezeka 1, swichi ya Mwavuli inawaka.
"Nikusindikize?" Ukaribu unaongezeka 2, lakini Wameonekana inawaka.
"Subiri mvua ikatike." Hakuna kinachobadilika.

Jibu la pili ndilo lenye pointi nyingi, na ndilo lenye gharama. Msichana akionekana njiani na kijana jioni, mtaa mzima utajua kabla hajafika mlangoni, na mjomba atajua kabla ya mtaa. Mchezaji asiambiwe hilo. Atalipia mbele ya safari.

Sasa kurasa. Ukurasa wa 2 uwe na sharti la Siku kuwa 1 au zaidi, na mazungumzo ya kawaida. Ukurasa wa 3 uwe na sharti hilohilo pamoja na swichi ya Mwavuli. Kurasa kadhaa zikitimiza masharti, programu huchagua yenye namba kubwa, kwa hiyo ile yenye masharti mengi ikae mwisho kulia. Kwenye ukurasa huo wa 3 mwavuli unarudi, umekaushwa na kufungwa vizuri, na kipande cha mkate ndani ya gazeti. Mwanaisha hasemi chochote kuhusu mkate. Usimsemeshe.

Hatua ya 4: Ukimya

Dirisha la maneno lina mistari minne. Ukiijaza yote, mtu atabonyeza bila kusoma. Tumia alama za kusitisha: \. husimamisha maandishi robo sekunde, \| sekunde nzima. Linganisha "Nilikungoja." na "Nilikungoja.\| Kidogo." Ile sekunde moja ndiyo inayobeba sentensi.

Kwenye Show Balloon Icon kuna moyo mwekundu. Uache. Alama ya Silence, ile yenye nukta, inasema zaidi.

Hatua ya 5: Mapigano

Si lazima. Gemu la To the Moon la Kan Gao, lililotoka 2011 na kujengwa kwa RPG Maker XP, lina pambano moja tu, nalo ni utani kuhusu kindi. Saidi atengeneze injini, inatosha.

Hatua ya 6: Posa

Hili ndilo joka letu la mwisho. Saidi hawezi kwenda mwenyewe, anahitaji mshenga. Kwa Change Party Member mwingize Mzee Kombo kwenye kundi, amfuate Saidi hadi kivukoni. Wakiwa njiani mzee aulize: "Kuna jambo lolote nilijue kabla sijakaa kwenye mkeka wa watu?" Mchezaji akisema ukweli, swichi ya Mshenga anajua inawaka. Akificha, haiwaki.

Nyumbani kwa mjomba, weka Conditional Branch (amri ya "ikiwa hivi, fanya vile") ya kukagua kama Saidi ana barua ya posa kwenye mizigo, kisha nyingine ya Wameonekana. Ikiwa imewaka, mjomba atauliza taratibu: "Kijana mwenyewe ndiye yule wa siku ya mvua?" Mshenga anayejua ana jibu la heshima, na la kuchekesha kidogo. Asiyejua anakohoa, anatazama kikombe cha kahawa, na Ukaribu wako hata ukiwa 20 hausaidii kitu pale.

Jibu lisitoke siku hiyohiyo. "Tumesikia. Tutawaletea habari." Tengeneza kigeu kipya, Siku ya jibu, ukipe thamani ya Siku kisha uongeze 3. Sharti la ukurasa hulinganisha kigeu na namba uliyoiandika tu, haliwezi kukilinganisha na kigeu kingine, kwa hiyo ukaguzi ufanye ndani ya tukio kwa Conditional Branch. Siku hizo tatu usizijaze kazi. Mwache Saidi alale, aamke, aende kazini.

Hatua ya 7: Jaribu, kisha toa

Wakati wa majaribio, F9 hufungua orodha ya swichi na vigeu, hivyo unaweza kuwasha Wameonekana bila kurudia mvua yote. Pitia kila mchanganyiko. Ukitumia Autorun popote, yaani tukio linalojianzisha lenyewe, hakikisha linajizima kwa Self Switch, swichi ya tukio hilo peke yake, la sivyo mchezaji atakwama asiweze hata kutembea.

Halafu mpe mtu acheze, ukae pembeni kimya. Anapobonyeza harakaharaka, hapo maneno ni mengi, yakate. Kwenye Deployment, sehemu ya kuandaa gemu la kutoa, chagua Web Browsers na uweke tiki kwenye Exclude unused files ili mzigo upungue, maana wengi watalifungua kwa bando la simu. Gemu hilo halitafunguka ukilibofya tu kwenye folda. Lipandishe kwenye seva ndipo ugawe kiungo.